Sadaka, Watawa na Swali la Mwenzi: Historia ya Utoaji katika Milima ya Usambara

Historia ya dini katika nchi yetu imeandikwa zaidi kutoka upande wa madhabahu kuliko upande wa jikoni. Tunajua ni nani alianzisha misheni ipi, mwaka gani, na kwa idhini ya nani. Daftari za sadaka zinatuonyesha majina ya waliotoa. Kisichoandikwa popote ni maneno ya mwenzi aliyebaki nyumbani akihesabu kilichosalia: umetoa, sawa, lakini watoto watakula nini, na huyo uliyempa anaishije? Swali hilo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inahusu mali ya nyumba na mamlaka ya kuigawa. Sehemu ya pili inahusu maisha ya mpokeaji. Viongozi wengi wa dini hulijibu kana kwamba ni dalili ya imani haba. Mimi nadai kwamba ni swali la kisiasa katika maana kamili ya neno hilo, na kwamba watu wa Usambara wamekuwa wakiliuliza kwa takriban karne tatu.

Nianzie Bulwa, kijiji cha Usambara Mashariki, jirani na Amani, wilayani Muheza. Hapa chai ndiyo saa na ndiyo kalenda. Mchumaji hulipwa kwa kilo za majani mabichi, kwa hiyo kila shilingi ina uzito anaoufahamu mgongoni. Mahali kama hapa hakuna fedha isiyo na historia. Kila noti ilikuwa kikapu kabla ya kuwa noti. Mama mmoja mchumaji aliwahi kuniambia maneno ambayo sijayapata katika kitabu chochote cha sosholojia ya dini: "Mwalimu, mimi simkatazi mume wangu kumpa Mungu. Ninamkatalia kumpa mtu, halafu aje aniambie amempa Mungu."

Tofauti hiyo aliyoitaja, kati ya kumpa Mungu na kumpa mtu, ndiyo mhimili wa makala hii. Tuone jinsi ilivyojitokeza katika milima hii.

Masimulizi ya Wasambaa yanasema kwamba Mbegha, mwasisi wa utawala wa Wakilindi mwanzoni mwa karne ya 18, alikuwa mwindaji aliyetoka Ungulu. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Abdallah bin Hemedi aliyahifadhi masimulizi hayo kwa Kiswahili katika "Habari za Wakilindi". Tukiyasoma kama watu wa siasa, tunaona kwamba hadithi ya mwanzo wa dola hii si hadithi ya mtu aliyepokea. Ni hadithi ya mtu aliyetoa kwanza. Haki ya mtawala kula jasho la wengine ilijengwa juu ya nyama aliyoigawa yeye.

Baadaye, Vuga ilipokuwa makao makuu na Kimweri ya Nyumbai akatawala hadi kifo chake mwaka 1862, watu walilima mashamba ya mfalme na kumpelekea mifugo. Aliaminiwa kuwa na uwezo juu ya mvua. Lakini lugha ya Kisambaa ilikuwa na mizani ya kumpimia. Mtawala aliweza "kuzifya shi", yaani kuiponya nchi, na aliweza pia "kubana shi", yaani kuiharibu. Ushuru uliotolewa kwa mtawala anayeiponya nchi ulikuwa halali. Ushuru uleule uliotolewa kwa anayeiharibu ulikuwa unyang'anyi. Na watu walikuwa na maneno mengine, "nguvu kwa nguvu", kueleza hali ya wakubwa kushindana wao kwa wao huku njaa ikiwaangukia wadogo.

Mizani hiyo haikuwa ya maneno matupu. Mwishoni mwa miaka ya 1860, baada ya watawala kuanza kuwauza raia wao utumwani, watu wa Bonde, chini tu ya milima ya Bulwa, waliasi katika vuguvugu lililojulikana kwa jina la Kiva, wakawang'oa Wakilindi katika nchi yao. Hawakuwa wamepoteza imani kwamba nchi inahitaji kuponywa. Walikuwa wamehitimisha kwamba wale waliokuwa wakilipwa kwa kazi hiyo hawaifanyi tena. Huu ni msingi wa kwanza ninaoomba msomaji aushike: katika milima hii, kuhoji maisha ya mpokeaji ni desturi ya kale kuliko kanisa lolote lililopo.

Kisha wakaja watu wa namna nyingine kabisa. Mwaka 1891 Wajerumani wawili, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walianzisha misheni ya Kilutheri Mlalo. Upande wa Magila, karibu na Muheza, Waanglikana wa UMCA walikuwa wamejiimarisha tangu miaka ya 1870. Na mwaka 1897 walifika Gare, karibu na Lushoto ya leo, wamonaki Watrapisti kutoka Mariannhill, Afrika Kusini, nyumba iliyoanzishwa na Franz Pfanner mwaka 1882. Kituo chao cha Gare walikiita Neu-Köln, kwa jina la jiji la Ujerumani.

Fikirini Wasambaa walichokiona. Mchungaji wa Mlalo alikuwa na mke, watoto, nyumba na bustani. Maisha yake yalieleweka kwa mtu yeyote mwenye familia. Mapadre wa Magila hawakuoa. Watrapisti wa Gare walikwenda mbali zaidi: hawakuoa, hawakumiliki kitu kwa jina la mtu mmoja mmoja, walishika kimya kwa sehemu kubwa ya siku, na walishika jembe. Kwa kanuni ya Mtakatifu Benedikto, inayofuatwa na Watrapisti pia, mmonaki wa kweli ni yule anayeishi kwa kazi ya mikono yake, kama mababa waliomtangulia. Kwa swali la mwenzi, hilo ni jibu zito. Mtawa anayekula alicholima mwenyewe hamlazimishi mke wa mtu kupunguza unga wa watoto wake.

Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza swali la pili: alilima juu ya ardhi ya nani? Miaka ya 1890 ndiyo miaka ambayo milima ya Usambara iligawanywa kwa walowezi na makampuni. Upande wa Mashariki, mashamba makubwa ya kahawa yalifunguliwa Derema na kwingineko, na mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ikaanzisha taasisi yake ya utafiti wa mimea pale Amani. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto, ulianzishwa mfumo wa kadi: kila mwanamume mwenye uwezo wa kufanya kazi alitakiwa kumtumikia Mzungu kwa siku 30 ndani ya miezi minne, vinginevyo angepelekwa katika kazi za serikali. Misheni zilipata ardhi yao katika mazingira hayo hayo.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo waumini wengi hawaelezwi. Mtawa anaweza kuwa maskini huku taasisi yake ikiwa tajiri. Nadhiri ya ufukara inamfunga mtu, haizifungi hekta. Kule Soni, Wabenediktini waliendeleza shamba la Sakharani, ambalo jina lake linatokana na lakabu ya mlowezi na askari Tom von Prince, aliyeuawa katika vita vya Tanga mwezi Novemba 1914. Leo shamba hilo linafahamika kwa divai na karanga za makadamia. Sisemi hivyo kwa kulaumu; shamba linalolimwa vizuri ni bora kuliko pori linalogombaniwa. Nasema tu kwamba anayeuliza "watawa wanaishije?" hajibiwi kikamilifu kwa kuonyeshwa kanzu iliyochakaa. Inafaa aonyeshwe pia hati ya shamba na daftari ya mapato.

Nao Watrapisti wenyewe walipambana na swali hilo kwa namna yao. Kazi ya misheni, yenye shule, safari na mashamba makubwa, haikupatana na kimya cha monasteri. Mwaka 1909 Roma iliitenga Mariannhill na shirika la Watrapisti, ikawa shirika la kimisionari linalojitegemea. Kanisa lenyewe lilikiri, kwa uamuzi rasmi, kwamba namna ya kuishi ya watu wa Mungu si jambo la pembeni. Ni sehemu ya kile wanachokihubiri.

Mageuzi makubwa zaidi kwa nyumba za Usambara yalikuja na vita. Waingereza waliiteka milima hii mwaka 1916, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Mwaka 1939 vita vingine vikaanza na mambo yakajirudia. Mara mbili ndani ya kizazi kimoja, sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wachungaji wa Kiafrika, nyingi zikiwa hazina msaada wa kutegemewa kutoka ng'ambo. Walimu walifundisha kwa ujira mdogo au bila ujira. Aliyewalisha ni nani? Ni nyumba za waumini. Na katika nyumba hizo, aliyelima chakula kwa sehemu kubwa alikuwa mke. Kanisa la Usambara-Digo, ambalo tarehe 19 Juni 1963 liliungana na makanisa mengine sita kuunda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lilijengwa juu ya mgongo huo. Tunapolisifu kwa kujitegemea, tukumbuke kwamba kujitegemea kwa kanisa kulikuwa ni kubeba kwa mtu fulani.

Sura ya kubeba huko bado ipo. Anayezijua ibada za milimani anaujua mnada wa nje ya kanisa baada ya ibada: mkungu wa ndizi, mayai, kuku, fungu la miwa. Ni desturi nzuri, kwa maana humruhusu asiye na fedha atoe alicho nacho. Lakini mtazame kuku yule. Amelelewa na mke. Ametolewa kwa jina la familia, nalo hutajwa kwa jina la mume. Kisha mume wa nyumba nyingine anapanda dau mbele ya watu kwa fedha ambayo mkewe alidhani ni ya daftari za shule. Katika tendo moja la ibada, wanawake wawili wametoa na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Niharakishe kusema kwamba malalamiko hayana jinsia moja. Katika miaka hii ya manabii wa mijini, wa redio na wa simu za mkononi, waume wengi nao wanalalamika: mke amechukua mtaji wa genge akaenda "kupanda mbegu" kwa mtumishi ambaye hajawahi kuiona nyumba yao. Zamani sadaka ilipita mbele ya macho ya kijiji. Leo inapita kwenye simu usiku wa manane, na mwenzi anaijua asubuhi mfuko ukiwa umekauka. Na wahubiri wanaposhindana kwa ukubwa wa majengo na magari, mtu wa Vuga ya zamani angetambua mara moja anachokiona: nguvu kwa nguvu.

Wala hili si tatizo la Wakristo wa Usambara peke yao. Dar es Salaam ina hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon mwanzoni mwa karne ya 20. Dini hiyo, ambayo mtawa wake kwa kanuni hutegemea bakuli la sadaka, imeujadili mgogoro huu kwa muda mrefu kuliko nyingine nyingi. Mapokeo yake yanasimulia kwamba takriban miaka 100 baada ya kufa kwa Buddha, watawa wa mji wa Vesali walianza kupokea dhahabu na fedha kutoka kwa waumini. Mtawa mmoja, Yasa, alilikataa fungu lake. Wenzake wakamwadhibu kwa kumtaka aende akawaombe radhi wafadhili. Alikwenda, lakini badala ya kuomba radhi aliwaeleza wafadhili kanuni inasemaje, nao wakasimama upande wake. Mkutano mkuu ukaitishwa, na kupokea dhahabu na fedha kukahukumiwa kuwa kosa. Angalieni ni nani aliyekuwa shahidi wa haki: mtu wa kawaida anayetoa, baada ya kuelezwa kanuni.

Dini hiyo hiyo ina hadithi ya Vessantara, mwana wa mfalme aliyekuwa na ukarimu usio na mpaka. Alitoa kila kitu hadi akawatoa watoto wake wawili kwa ombaomba, wakati mkewe Maddi yuko msituni akitafuta matunda ya kuwalisha. Hadithi inamsifu Vessantara, na mwishoni yote yanarejeshwa. Lakini msomaji wa Bulwa, au wa mahali popote, hawezi kuacha kuuliza kuhusu yule aliyerudi na kapu la matunda akakuta nyumba kimya. Anayetoa hupata sifa. Anayelisha hupata taarifa.

Maandiko yanayosomwa milimani kwetu nayo hayakunyamaza. Injili ya Marko, sura ya 7, inamshutumu mtu anayetangaza kwamba mali yake ni wakfu kwa Mungu ili asiwasaidie wazazi wake. Sura ya 12 ya kitabu hicho, kabla tu ya kisa cha mjane na senti zake mbili, inawakemea walimu wa dini wanaokula nyumba za wajane. Mahubiri mengi humchukua mjane yakaiacha karipio iliyomtangulia. Katika Uislamu, dini ya sehemu kubwa ya ndugu zetu wa Usambara, mafundisho ya Mtume yanaihesabu fedha anayoitumia mtu kwa familia yake kuwa sadaka yenye thawabu kubwa, na aliyetaka kuusia mali yake yote aliambiwa asizidishe theluthi, kwa kuwa kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiomba. Kwa hiyo mwenzi anayesema "nyumba kwanza" hayupo nje ya dini. Amesimama juu ya ukurasa ambao haukusomwa.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu kila mwanandoa kumiliki mali yake, inampa mume wajibu wa kumtunza mke na watoto, na inakataza mmoja kuihamisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Huo ulikuwa msimamo mkubwa. Hata hivyo, mchango huo hutambuliwa pale ndoa inapovunjika. Ndoa ikiwa hai, fedha taslimu inaweza kutoka nyumbani kila wiki na hakuna kifungu kinachomsaidia mwenzi, isipokuwa aende kudai matunzo. Kwa upande wa mpokeaji, taasisi nyingi za dini zimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama au zina bodi za wadhamini zilizosajiliwa RITA. Uwajibikaji wa wadhamini hao kwa msajili ni jambo moja. Uwajibikaji wao kwa mchumaji chai aliyetoa ni jambo jingine, na hilo la pili halina mlango.

Wapo watakaosema: basi serikali iingie. Mimi nina tahadhari. Kenya ilijaribu kuweka kanuni kali za taasisi za dini, viongozi wa dini wakapinga, na mapema mwaka 2016 mpango ukawekwa kando. Miaka saba baadaye, msitu wa Shakahola ukatoa miili zaidi ya 400. Tukio hilo linatuonya kwamba kutokuwapo kwa uangalizi kunaua. Lakini dola inayokagua sadaka inaweza kesho kukagua mahubiri, na sisi tunaoandika mambo ya siasa tunajua njia hiyo inaelekea wapi.

Wapo pia watakaonipinga kwa hoja nzito zaidi, nami sitaki kuikwepa. Hospitali ya Bumbuli, shule ya wasioona ya Irente, nyumba ya wagonjwa wa akili ya Lutindi iliyoanza kama makao ya watumwa waliokombolewa, Hospitali Teule ya Muheza: hizi zote zimeshika mahali ambapo serikali haikufika au ilirudi nyuma. Sadaka ya milimani imekuwa kodi ya hiari ya ustawi wa jamii. Mwenzi anayeizuia, je, hamnyimi dawa mtoto wa jirani? Ndiyo, inawezekana akamnyima. Ndiyo maana nasema kuna jambo la kweli linalopimwa hapa, wala si ugomvi wa mke mchoyo na mume mcha Mungu. Lakini hoja hii ina masharti yake. Ikiwa sadaka ni kodi ya ustawi, basi mlipaji ana haki zote za mlipa kodi: kujua imekwenda wapi, na kukataa kwa heshima ikiwa imekwenda kwenye gari la kiongozi badala ya wodi ya wazazi.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji sheria mpya. Kwanza, bahasha na kadi za ahadi ziandikwe majina ya wanandoa wote wawili na kutiwa saini na wote wawili. Ahadi yenye saini moja isisomwe hadharani. Pili, kila usharika, parokia na msikiti usome mapato na matumizi mbele ya waumini kila robo mwaka, ikiwamo posho na makazi ya kiongozi, kwa lugha ambayo mchumaji chai anaielewa. Tatu, vyuo vyetu na ofisi za nyaraka zianze kukusanya masimulizi ya wake na waume wa waumini, siyo ya wainjilisti pekee. Wanafunzi wangu wanaotafuta mada za tasnifu wasiende mbali. Wapande milimani wakasikilize.

Hakuna hata moja kati ya haya linaloidhoofisha imani. Vuga ilidumu kwa vizazi kwa sababu wanaotoa waliweza kuona kama nchi inapona. Ilianguka pale wakubwa walipoendelea kudai huku nchi ikiharibika. Taasisi yoyote ya dini inayotaka kudumu katika milima hii ingefaa ijiulize, kila inapokunja kitambaa cha sadaka: leo tumeiponya nchi, au tumeila?